Classe Mutu

Butembo, Furu, tarehe 9 Februari 2025

Yaya Adèle,

Nakusalimia weye, nasalimia shemeki Phinées, nasalimia Christa na mudogo wake. Siye tuko. Baridi ya Butembo haijabadilika, asubui ukungu inaingia mpaka mu nyumba kama jirani mwenye hana haya. Sifa, ule tunapanga naye chumba moja, anakusalimia pia.

Maulidi, chauffeur wa Fuso, ndiye anabeba barua hii. Nimemuambia aiweke mu mukono yako, hapana kuiachia mutu ku soko. Naandika barua kwa sababu telephone ya shemeki napiga, napiga, inasema tu haipatikane. Mulibadilisha namba? Ao mumenichoka?

Habari kubwa ni hii: nimeanza formation. Ndiyo, ile masomo ya ordinateur, ya kompyuta, yenye shemeki alikuwa anacheka, "Kavugho, utavuna nini kwa kuchapa-chapa?" Umuambie niko navuna. Tuko batu munane, Sifa pia ndani, na machine tano, tunagombania courant ya panneau ya jua kama kuku juu ya mbegu ya muhindi.

Mwalimu wetu anaitwa monsieur Gracien. Alisema programme ya zamani ilikuwa maagizo moja nyuma ya ingine: fanya hivi, kisha vile, kisha vile. Sasa batu banaandika kwa "objet". Unawaza kwanza vitu vyenyewe, kila kitu na mambo yake, halafu unaziacha zisemezane. "Classe" ni plan, "objet" ni kitu yenye kutoka mu ile plan. Yaya, hakuna mwenye alielewa! Alitoa mufano ya imbwa, juu vitabu vyote viko na imbwa. Miye nikanyanyua mukono: "Monsieur, kwetu mwana mwanaume wa kwanza anaitwa Nzanzu. Mama iko na mimba, hajui sura ya mutoto, mais jina inangojea. Donc Nzanzu ni classe, na ule mutoto mwenye kulia ni objet?" Benzangu bakacheka mpaka machozi. Monsieur Gracien hakucheka. Akasema, "Mufano yako ni muzuri kuliko ya kitabu."

Sasa niko na classe yangu ya kwanza, inaitwa Mutu. Iko na attributs: jina, umri, fasi yenye anakaa. Iko na constructeur, ile inazalisha objet, sawa sage-femme mwenye kuzalisha bamama. Na iko na méthodes, ni kusema vitu vyenye mutu anajua kufanya. Mutu wangu anajua kitu moja tu: ukimuuliza jina, anajibu.

Uniandikie. Hapana mistari mitatu kama mutu anajaza certificat.

Mudogo wako mwenye kichwa nguvu,
Kavugho


Beni, Beu, tarehe 3 Machi 2025

Kavugho,

Salamu zimefika, aksanti. Christa alifaulu hesabu. Mudogo wake aliungua ku mukono, alitia vidole mu bugali ya moto, sasa imepona. Mama mukwe iko hapa na siye tangu mwisho wa mwezi wa kwanza. Anaamka mbele ya batu bote, anafagia kiwanja yenye mi nilishafagia. Usishangae karatasi, ni ya cahier ya Christa.

Phinées iko ku shamba, Kalunguta. Ni cacao. Telephone iko naye, na réseau ya kule unaijua, haishike.

Barua yako nilisoma mara mbili. Pale pa sage-femme nilicheka, na ilikuwa siku mingi sijacheka. Mais na majina ya batu usicheze sana. Jina hapana muchezo.

Endelea kusoma. Usikuje Beni kwanza, njia si muzuri.

Adèle


Butembo, tarehe 30 Machi 2025

Yaya,

Mama mukwe umusalimie, na umuambie akuachie kiwanja yako. Christa nimemutumia bic mbili ndani ya barua hii. Kama Maulidi anaileta na bic moja, ni kusema mwizi ni ule unamujua. Siye huku tunafunga Kwaresima bila kutaka, juu maharagi imepanda.

Nataka kukuuliza neno, na usiniruke. Cacao gani inashika mutu kule mezi mbili? Shemeki hawezi kulala hata juma mbili bila kurudia kukula sombe yako. Mu barua yako hakuna hata "Phinées anakusalimia". Na Maulidi, wakati nilimuuliza kama anamuona, alianza kuchunguza pneu, mupira ya Fuso yake. Pneu ilikuwa muzima, yaya.

Juzi tulisoma encapsulation. Attribut unaweza kuiandika "private", basi hakuna mwenye kuigusa kutoka inje. Lazima apite ku méthode, abishe hodi, aulize, na objet yenyewe ijue kama itajibu. Nilimuambia monsieur Gracien, "Hii naijua, niko na yaya mwenye kuwa private kila fasi." Haya, miye napiga hodi. Nijibu.

Kazi yetu imekuwa kubwa. Tunajenga site web, ukurasa ya internet, tumeiita Uko Wapi. Maparokia, makanisa ya baprotestanti, mpaka muskiti ya kina Maulidi, bote banatuletea maformulaire ya batu: benye kukimbia, benye kutafutwa, benye kuzikwa. Siye tunachapa. Mutu akiwa na telephone, hata iko wapi, anaandika jina, anapata habari. Mu programme, classe Mutu ndiyo mama. Kutoka kwake kunazaliwa Muhamaji na Mutafutwa, wanarizi jina, umri na fasi, kisha kila moja anaongeza yake. Ile banaita héritage. HTML ni uso yenye batu banaona, PHP ndiyo inafanya kazi nyuma, na base de données ni depot ya kuwekea.

Miye nimepewa kuandika méthode moja ya maana, nimeiita memeMutu, ni kusema "mutu ule ule". Juu mutu moja anaandikwa ku parokia tatu, halafu anakuwa batu batatu. Yangu inaangalia: kama jina na prénom, ile ya ubatizo, ni sawa, basi ni mutu ule ule, usiunde objet mupya, geuza tu habari yake ya zamani. Umri niliitosha inje, juu batu benye kukimbia bakisema umri wanakisia tu. Monsieur Gracien aliipima mara kumi, akanishika mukono mbele ya benzangu.

Nangojea jibu ya kweli.

Kavugho


Beni, tarehe 23 Aprili 2025

Mudogo wangu,

Paska imepita. Batoto walivaa nguo za mwaka jana, zinawafupia. Bic zilifika zote mbili, usimutukane Maulidi.

Sasa nijibu. Phinées alitoka Alhamisi tarehe 23 ya mwezi wa kwanza, asubui, na jirani babili. Walikuwa wanaenda kukata cacao. Bale batu ba bunduki, ba mu pori, wakawakuta mu shamba. Jirani walirudia siku ile ile, mbio, moja bila shati. Phinées hakurudia. Ni ile.

Sikukuambia juu kama ningekuandikia, ingekuwa kweli.

Mama mukwe alikuja juu ya kilio. Anasema mwana wake amekufa, anaisikia mu tumbo yenye ilimubeba, anataka tukalie chini tumulie. Jacob, mudogo wa Phinées, naye anasukuma. Anasema kisha kilio shamba itarudia kwa famille, na mi pia nitajua pa kukaa. Alisema vile akiniangalia toka mguu mpaka kichwa, Kavugho. Mu kiwanja yangu, na batoto wa kaka yake wanasikia. Nimewajibu bote neno moja: nani aliona mwili? Hakuna. Mutu mwenye hajaonekana hapana kuliliwa.

Donc mutie mu machine yako. Nzanzu Phinées, miaka makumi ine na moja. Aandikwe "anatafutwa". Ikiwa imeandikwa na bureau yenu, na parokia, watanyamaza.

Batoto nawaambia baba iko ku shamba.

Yaya wako


Butembo, tarehe 11 Mai 2025

YAYA! YAYA ADÈLE!

Kaa chini mbele ya kusoma. IKO MUZIMA! Nzanzu Phinées iko muzima!

Nilimuandika tarehe 28 kama ulivyosema. Kisha malaria ikanilaza, juma mbili karibu, sikugusa machine. Leo kisha misa nimefungua page, naandika jina yake, na naona rangi ya kijani: "Muzima. Ameonekana Luofu, tarehe 9 Mai." Nilizima, nikawasha tena. Kijani! Sifa alilia, miye nililia, monsieur Gracien alitoka inje akajifanya anatafuta réseau.

Sijui alifika Luofu namna gani, labda walimutembeza mu pori, labda aliwatoroka akafuata njia ya kusini. Njia ya Luofu imefungwa na telephone za kule hazipiti, ndiyo maana hajakupata; hii habari ilipita ku radio ya parokia. Maulidi iko anawasha Fuso, ananipigia honi, sina wakati. Ee Nyamuhanga, Mungu wetu, aksanti!

Waambie bafunge mudomo na kilio yabo!

Kavugho


Beni, tarehe 18 Mai 2025

Kavugho, mwana wa mama yangu,

Nakusalimia mara mia. Huku hatulale, hatukule, tunacheka tu kama bazimu. Mama mukwe amekuwa musichana, ameimba mpaka sauti imekauka. Nilichinja ule jogoo mwekundu. Nimefua mashati yake yote na ile suruali ya ndoa. Jacob alikuja kupongeza na sura kama mutu amekunywa dawa ya kinini. Nilimukaribisha, nikamupa shingo ya kuku.

Batoto niliwaambia kweli yote: baba alipotea, na sasa amepatikana. Christa aliniuliza, "Kumbe ulitudanganya?" Nikamuambia ndiyo, na ilikuwa muzuri juu ya mwisho yake.

Sasa sikia. Uniangalilie tena mu machine, ile page inasema nini ingine. Ameumia? Iko na nani? Wameandika anavaa nini? Usiache kitu hata kidogo.

Nimeamua, nakuja. Tarehe 12 ya mwezi wa sita nitapanda kwa Maulidi mpaka kwako, na toka Butembo nitafuata benye kuenda kusini. Bananiambia njia ni mubaya, kwamba mwanamuke peke yake hawezi. Mezi ine nimekaa, nimechoka kukaa. Nitaenda kumuchukua mi mwenyewe, hata kwa miguu.

Ulifanya kazi yenye bwana yangu alikuwa anachekelea. Akirudia atakuomba musamaha, nitasimama pale nimusikilize.

Adèle


Butembo, tarehe 6 Juni 2025

Yaya Adèle,

Nakusalimia. Tuko bazima.

Usisafiri. Kama unasoma barua hii na muzigo mu mukono, ushushe. Nimemulisha Maulidi kiapo ku Korani yake kwamba atakupa mbele ya tarehe 12.

Hii ni karatasi ya tano. Ine nilizichana.

Tarehe 22 ya mwezi wa tano, kijana moja alikuja ku bureau yetu na bibi yake mwenye mimba. Walitoka Luofu kwa miguu, siku nane. Alikuwa amesikia ku parokia kwamba jina yake iko mu site, na kwamba ndiyo vile mama yake huku Butembo alijua yeye iko muzima. Alikuja kutushukuru. Nilimupa kiti. Nilimuuliza jina nimuandikie amefika. Akasema, "Nzanzu Phinées." Iko na miaka makumi mbili na ine.

Yaya, mi ndiye niliandika memeMutu. Mu kitabu ya Bazungu kuna nom na prénom. Nom ni ya ukoo, inatenganisha famille na famille. Nikatia Nzanzu pa nom. Mi, Kavugho, mwenye nilinyanyua mukono siku ya kwanza kueleza kwamba Nzanzu ni jina ya kila mwana wa kwanza! Yaani ni kama nilitia "mutoto wa kwanza" pale pa ukoo. Mama yetu, hata mutu akipita tu kuomba maji, anamuuliza: uko mwana wa nani, wa wapi? Mi mu formulaire yote sikuweka fasi ya baba wala ya mama. Monsieur Gracien si mutu wa huku, hangeweza kujua. Miye ningejua. Programme haikuharibika, ilitumika vile nilivyoiambia: ilikuta jina ni sawa, ikasema ni mutu moja, ikageuza habari.

Inabaki neno. Nilizunguka nalo siku kumi na tano.

Mbele ya habari ya Luofu kuingia, ile page ilikuwa imeshageuzwa mara moja. Tarehe 5 Mai, nikiwa nalala na malaria, Sifa alichapa maformulaire ya Kalunguta. Hakuwa anajua jina ya shemeki, kwake ni "bwana ya Adèle". Kutoka tarehe 5 mpaka 9, page ilikuwa inasema ingine. Kisha Luofu ikaja ikaandika "muzima" juu yake. Nilitafuta karatasi yenyewe mu carton. Inasema: Nzanzu Phinées, mwanaume, karibu miaka makumi ine, bibi yake iko Beu. Amezikwa Kalunguta, tarehe 27 Januari.

Yaya wangu. Nisamehe. Nilikutumia mutu wa mwingine.

Ku karatasi ile kuna mustari moja ingine, chini kabisa. Nimeusoma. Sitauandika hapa.

Nilishatengeneza. Sasa kila mutu iko na numéro yake, na baba, na mama, na kijiji. Batu benye walipotezwa juu ya méthode yangu walikuwa kumi na moja. Nimeanza kuwatafuta famille zao moja moja, kwa mudomo yangu. Weye ndiye wa kwanza na sikuweza kuja, naogopa uso yako.

Kavugho


Beni, tarehe 11 Juni 2025

Kavugho,

Salamu. Batoto wako. Maulidi alinipa barua yako juzi, akakaa ku mulango mpaka nikamaliza kusoma, hakuomba hata maji.

Siku kumi na tano ulijua, na mi nilikuwa napiga pasi mashati. Nilikutukana, nakuambia wazi. Nilikutukana na jina ya mama yetu ndani. Kisha nikafika ku ule mustari hukutaka kuandika, nikaacha kutukana. Basi niuandike mi. Karatasi sijaiona, mais najua unasema: "Bottes zimepelekwa kwa bibi yake, tarehe 28."

Ni kweli. Walikuja vijana babili, bale walimuzika. Mama mukwe alikuwa hajafika bado, batoto walikuwa ku masomo. Waliniletea bottes zake nyeusi, viatu vyake vya shamba, ya kuume iko na kipande ya pneu yenye nilibandika mi mwenyewe. Wakaniita niende nione kaburi, niliwaambia hizi si zake, siendi. Wakaangaliana. Wakubwa sana hawakuwa, walikuwa wamechoka, wakaziacha pale chini wakaenda. Nikazifunga mu gunia, nikatia gunia chini ya makala.

Nilijua, Kavugho. Tangu siku ile. Nilikutuma umuandike "anatafutwa" juu Jacob asikanyage shamba, juu asikanyage na kitanda yangu. Mutu mwenye kutafutwa bado ni bwana wa nyumba yake. Nilikutumikisha, na weye ulidhani unanisaidia kutafuta.

Mais ile barua ya kijani. Niliisoma nimesimama karibu na makala, bottes ziko pale, naweza kuzigusa na mguu. Na niliamini. Nikasema labda aliziazima mutu. Nikasema labda vijana walikosa. Nilifua mashati, nilichinja, nilifunga muzigo wa kuenda Luofu. Nilikuwa na kitu mu mikono yangu, nikaamini karatasi yako. Siwezi kukuhukumu. Ulinificha siku kumi na tano, mi nimekuficha mezi ine na nusu, na mama mukwe nimemuimbisha juu ya kaburi ya mwana wake.

Jana nilitosha gunia, nikaweka bottes mbele yake. Hakulia. Alizishika, akaanza kutosha udongo na kidole. Akauliza, "Tangu lini?" Nikamuambia. Alinipiga kofi, ya kwanza mu miaka kumi na tatu. Kisha akanivuta, tukaanguka pamoja, na Christa akatukuta vile.

Kilio inaanza Jumamosi. Jacob atasimama aseme maneno yake, na mi nitakuwa nimekalia chini, sitakuwa na nguvu ya kumujibu. Kuja. Usilete kitu. Uso yangu usiiogope, haitakuwa na kazi na weye.

Na mu machine yako utengeneze leo, mbele ya kupanda gari. Uandike Nzanzu Phinées, mwana wa Mathe na Kahindo, wa Kalunguta, miaka makumi ine na moja. Amezikwa na vijana ba kule. Na kama kuna fasi ya kuandika nani alikuwapo ku mazishi, usiiache bure. Uandike: bibi yake aliitwa ku kaburi, alikataa kuenda.

Adèle